Mafia hadi Kilwa kwa mashua ya tanga: safari ya siku 6 iliyokula siku 11 (mtu wa Mbeya nasimulia)

#1 Mlima Loleza (mtoa mada)

Wakuu, salamu kutoka Uyole, huku asubuhi hii ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Wiki iliyopita mtu aliuliza humu kama kuna anayejua kupita visiwa vya kusini, kimoja baada ya kingine, kwa chombo cha tanga kisicho na injini. Wengi mkamjibu apande boti ya Zanzibar aache utoto. Mimi hiyo safari nimeifanya mwaka jana, Mafia hadi Kilwa Kivinje. Na nimezaliwa Mbeya. Maji niliyowahi kuyaogopa kabla ya hapo ni ya Mto Kiwira pale Kijungu, na Matema nilienda mara moja na shule, nikaishia magotini.

Ilianza hivi. Nina rafiki Mmafia wa Jibondo, tulisoma naye chuo hapa Mbeya, akapata kazi akabaki. Mjomba wake ana mashua ya mita 9 hivi, anapeleka nazi Songosongo na Kivinje. Tukapanga tumkute mwishoni mwa Machi: Jibondo, Okuza, Songosongo, Kivinje, siku 6 pamoja na kulala visiwani. Nikaomba likizo ya siku 14. Msimamizi wangu (ofisi siitaji) akaniandikia kabisa: Jumatatu saa 2 asubuhi uwe mezani.

Mzigo wangu: kilo 10 za mchele wa Kyela, zawadi ya mjomba. Ndoo ya parachichi za Tukuyu. Sweta mbili, nikachekwa. Na simu yenye apu tatu za hali ya hewa. Parachichi ziliiva zote kwa pamoja tulipofika Chalinze, tukazila na chumvi ya kuomba kwa muuza mayai.

Kivuko cha kwenda Kilindoni kinatokea Nyamisati, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Maji rangi ya chai ya maziwa, magugu yanaelea. Nikamwambia mwenzangu hili tope ni la kwetu hili. Ruaha Mkuu unaanzia kwenye vijito vya Uporoto na Kipengere, unapita mashamba ya mpunga ya Mbarali, unapita Ihefu, Mtera, Kidatu, unaingia Rufiji, Rufiji inamwaga hapa. Akasema basi mchele umekuja na basi, tope limekuja kwa miguu.

Tumefika, mjomba anatuambia hakuna kutweka tanga mpaka Idd ipite. Kumi la mwisho la Ramadhani yeye hasafiri, na mabaharia wake wanataka kula sikukuu kwao. Idd iliangukia mwisho wa Machi. Siku 4 zikaenda hivyo, na siku 4 hizo ndizo zilizonifanya niandike uzi huu. Ngoja nipeleke mtoto shule, nitarudi.

#2 Kijana wa Soweto

Tupo. Weka picha mkuu, bila picha hizi ni hadithi za sungura na fisi.

#3 Kamwene

Kamwene wakuu. Mtoa mada, kwenye tope umetupiga. Tope la Mbarali linatuama Mtera, likipona hapo linakutana na Kidatu, na sasa hivi chini kabisa kuna Bwawa la Nyerere, lile la megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Maji yakisimama tope linazama. Uliloliona ni la hukohuko Rufiji na Kibiti. Endelea na mashua, mto tuachie sisi wa Iringa.

#4 Mlima Loleza

Umeninyang'anya mto wangu hivihivi. Sawa, nimekubali, lakini maji yenyewe si yamefika? Yamefika bila mzigo, kama abiria wa mabasi yetu.

Picha: simu iliyokuwa na picha sasa hivi inazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Mtajua kwa nini.

#5 Mlima Loleza

Tuendelee. Tulitweka siku ya tatu ya Idd, saa 10 alfajiri, watu 5: nahodha (mjomba mwenyewe), mabaharia wawili, rafiki yangu na mimi. Nazi zimejaa hadi zinaishia miguuni pa mshika usukani, mchele juu ya nazi, turubai juu ya mchele. Mwezi ulikuwa mchanga kwa hiyo ni bamvua, maji makubwa, maji yalipoanza kupwa yakatusukuma nje kama tuna injini. Kaskazi, ule upepo wa kaskazini-mashariki, ilikuwepo, ila nyembamba. Inapumua, inakata, inapumua tena. Tanga linajaa kidogo, linalegea, linapiga kofi.

Kwenye saa 3 nikafungua simu. Apu ya kwanza ikasema upepo kilomita 14 kwa saa. Ya pili 11. Ya tatu haikufunguka. Nikamsomea nahodha kwa sauti, najiona nimechangia kitu. Alisikiliza kwa adabu zote, kisha akanyoosha kidevu kule mashariki. "Na lile?"

Lile lilikuwa wingu rangi ya risasi. Pindo lake la chini limenyooka kama limepigwa rula, chini ya pindo mvua imesimama kama pazia, na mbele ya pazia, juu ya maji, kuna mstari mweupe mwembamba. Mimi nilikuwa naangalia mvua. Wao wote wanne walikuwa wanaangalia mstari. Mstari ule ni upepo unachana maji, na ulikuwa unakuja.

"Tua!"

Hapo ndipo umlima wangu ulipoonekana. Nilikuwa nimepewa kushika henza, kamba ya kutwekea na kutulia tanga. Ukishusha, unailegeza kidogo kidogo imezungushwa kwenye kigingi, kiganja chako kiko huru. Mimi nilikuwa nimeizungusha mara mbili mkononi, kama ninavyoshika kamba ya ng'ombe. Sasa ile foromali ni mti mrefu kuliko mlingoti wenyewe, na juu yake kuna tanga zima. Ilipoachiwa ilidondoka, kamba ikapita kiganjani ikaondoka na ngozi. Sikusikia maumivu. Nilisikia harufu, kama kwato ikichomwa. Baharia mdogo, kijana hata miaka 20 hajafika, akanipiga kikumbo nikakaa juu ya nazi, akamalizia yeye.

Kisha ikaja baridi. Nasema baridi wakuu, baridi ya Kitulo, katikati ya bahari, mwezi wa 4. Nilifurahi kama sekunde tatu hivi, nikawaza sweta zangu. Halafu upepo ukatua wote kwa mkupuo, mashua ikalala ubavu kwa mlingoti mtupu, haina tanga hata kipande. Nazi zikamiminika upande mmoja. Maji yakaanza kuingia kwa utulivu kabisa, hayana kelele, yanapanda tu juu ya ubao kama maziwa yanayofurika sufuriani.

Kazi yangu ikawa kufua maji, yaani kuyatoa chomboni, kwa ndoo ileile ya parachichi. Rafiki yangu na baharia mkubwa wanarudisha nazi upande wa juu kwa mikono na miguu, nahodha ameegemea usukani amegeuza tezi, yaani nyuma ya chombo, kwenye upepo ili tukimbie nao badala ya kupigwa ubavuni. Hakupiga kelele hata mara moja. Alikuwa anaongea na chombo. "Taratibu. Taratibu mama."

Ilidumu kama dakika 20. Upepo ukakatika kama umezimwa swichi, ikabaki mvua nene iliyonyooka. Wale vijana wakakunja tanga likawa kama mfereji, wakakinga maji ya mvua kwenye madumu. Jibondo maji baridi ni ya shida, mtu wa kule haachi mvua ipite bure. (Maji baridi kwao ni maji yasiyo na chumvi. Mimi siku ya kwanza niliambiwa "maji baridi yapo kwenye dumu" nikashika dumu, la moto, nikajiona nimedanganywa.)

Baada ya mvua, shwari. Hakuna hewa hata ya kuzima kibiriti, lakini mawimbi yamebaki, chombo kinakwenda mrama, foromali inagonga mlingoti, ko, ko, ko. Kwenye dhoruba sikutapika. Nilitapika hapo.

Na simu ilikuwa mfuko wa shati muda wote.

#6 Kijana wa Soweto

Kwa hiyo simu ndiyo imekufa, wewe umepona. Bwana apewe sifa. Lete ya tatu.

#7 Baharia Mstaafu

Mimi ni wa Tanga, nimekula chumvi miaka mingi, sasa nalima miti Mafinga. Nimecheka na henza, kila mtu wa bara hufanya hivyo mara moja, ila wengine huacha na vidole. Ngoja nieleze kilichokupata, maana kuna vijana watasoma hapa waende.

Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, inatoka kaskazini-mashariki. Kusi, upepo wa kusini, inaingia Aprili, inashika nguvu Juni na Julai, inakuja kulegea Septemba, Oktoba. Katikati ni tangambili, wengine wanaita malelezi. Watu wanadhani tangambili ni salama kwa sababu upepo ni mdogo. Upepo ni mdogo kweli, mpaka utakapokuwa mkubwa, na hausemi unatokea wapi. Wakati wa kusi kamili unajua adui yuko upande gani, unapanga. Tangambili inabidi ugeuze shingo kama bundi.

Sababu ni ule ukanda mvua ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa wanautaja kila siku kwenye redio. Unafuata jua. Machi na Aprili unapita juu ya pwani yetu ukielekea kaskazini, ndiyo masika yenyewe. Hewa ya moto yenye unyevu inapanda, inafanya mawingu marefu kama minara. Mvua ikianza kuanguka ndani yake inapoza hewa, hewa baridi ni nzito, inadondoka chini, na ikigonga bahari haina pa kwenda ila pembeni. Ile baridi ya Kitulo uliyoisikia imetoka juu kweli, haikutoka baharini. Nyie watu wa huku mnaijua, ni upepo uleule unaoezua mabati Novemba kabla tone la kwanza halijaanguka.

Sasa apu. Hesabu za apu nyingi zinakata dunia vipande vya kilomita 9 na zaidi, kila kipande kinapewa upepo mmoja. Wingu lako huenda lilikuwa kilomita 4 au 5. Limeingia ndani ya kipande kama panya kwenye gunia, nje huoni kitu. Upepo wa jumla apu inaujua vizuri kuliko sisi, hapo siibishii. Wingu, tumia macho.

Jambo la mwisho ndilo lililokula siku zako. Mkondo wa bahari upande wetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi ikiingia unaongezeka. Kwenda Kilwa kutoka Mafia mwezi wa 2, kaskazi iko mgongoni, ni siku moja na nusu. Kaskazi ikikufia njiani, upepo unageuka na mkondo unashirikiana nao, wote wawili wanakutazama usoni. Hapo ni kupiga bisha, huku na huku, jioni unaangalia unaona mnazi uleule wa asubuhi.

Hizo siku 4 za kusubiri Idd hazikuwa na ubaya. Ubaya ni nyie kubaki na hesabu ya siku 6 baada ya kuzipoteza.

#8 Mama Viazi Njombe

Baba, nimesoma yote mpaka chai imepoa. Swali langu moja tu na usinizungushe: jaketi okozi mlikuwa nazo ngapi?

Nauliza kwa sababu mdogo wangu anafundisha Kilindoni. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, tarehe 4 Mei 2024, simu yake haikupatikana. Sisi huku Njombe jua linawaka, watu wanachimba viazi, mimi nazunguka shambani na simu mkononi kama kichaa. Alipopatikana cha kwanza aliniambia "dada minazi imelala". Hakusema nyumba, alisema minazi.

#9 Mlima Loleza

Shikamoo mama. Sizungushi: zilikuwa 3, watu 5. Mbili tulivaa mimi na rafiki yangu, moja ilikuwa imefungiwa chini ya nazi, hata uitake huipati. Nahodha alisema yeye akianguka ataogelea. Nikamuuliza mpaka wapi, akanyamaza. Najua sheria inasema kila mtu na yake, na najua mashua ya mizigo si ya abiria. Mtu akienda leo, anunue yake Dar kabla hajavuka, aje nayo begani, asiulize chombo kina ngapi.

#10 Baharia Mstaafu

Mama ameuliza la maana kuliko yote humu. Na kwa kuwa amemtaja Hidaya: pwani yetu vimbunga ni vichache, maana tuko karibu na Ikweta na huku mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuvikunja. Lakini angalieni tarehe. Unguja ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, meli za Sultani zikaangamia bandarini. Lindi, Aprili 1952. Kenneth, Aprili 2019, kiliingia kaskazini ya Msumbiji huku Mtwara wakiwa wamekaa roho juu. Jobo, Aprili 2021, kilijifia kabla ya kutufikia. Hidaya, Mei. Yaani vinaangukia kwenye wiki hizihizi za kubadilishana upepo, wakati ambao mtu anaona bahari imelala kama maziwa mgando anasema ngoja nivuke.

Tangazo la Mamlaka likisema angalizo, upepo kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, kwa meli hiyo ni taarifa. Kwa mashua ya mita 9 hiyo ni amri ya kulala.

#11 Mtu wa Matema

Ugonile! Mnaongea bahari kama vile sisi wa Kyela hatuna maji. Ziwa Nyasa lina urefu unaopita kilomita 550, sisi Matema tuko kwenye ncha ya juu. Mwera ukivuma kutoka kusini, Mei mpaka Agosti, wimbi linakuwa limeanza safari yake Malawi huko, linakuja linakua njia nzima, linatupasukia sisi mlangoni. Wazee wa mitumbwi wanauliza "limelala au limeamka", hawaulizi kingine.

Na msisahau milima ya Livingstone iko kando kabisa ya maji. Usiku hewa ya baridi inateremka kama mtu ameachia mlango wa jokofu. Mgeni anaona ziwa limetulia saa 2 usiku, saa 5 anatafuta mtumbwi wake.

Halafu tuna kitu bahari haina: kungu. Unaona nguzo za moshi mweusi zinatembea juu ya ziwa, mgeni anasema mvua ile, au meli inaungua. Ni wadudu. Wakifika ufukweni tunawakamata, tunawakanda, tunakula.

#12 Kijana wa Soweto

Kungu tutaongelea uzi mwingine, wengine tunakula chakula hapa. Mtoa mada, Okuza.

#13 Mlima Loleza

Okuza tulifika jioni kwa makasia, tanga linaning'inia. Ni kisiwa kidogo, cha dago, wavuvi wanapiga kambi msimu wanakausha pweza na samaki, msimu ukiisha wanaondoka. Tulikuta vibanda kama vinne vya makuti. Mpango ulikuwa kulala usiku mmoja.

Tulilala usiku 5.

Usiku wa pili niliamka sijui kwa nini. Tulikuwa tumefunga turubai kwenye miti minne, na tangu tufike lilikuwa linapigapiga upande wa miguuni. Sasa linapigapiga upande wa kichwani. Nikalala kimya nalisikiliza. Nahodha naye yuko macho, akasema gizani kama anamtaja mgeni, "Kaingia." Asubuhi bahari yote imegeuza sura, mawimbi meupe yanatoka kule tunakotakiwa kwenda.

Pale ndipo mchele wa Kyela ulipoingia kazini. Wenyeji wa dago walikuwa na pweza na sisi tuna nazi mashua nzima, lakini nafaka yao ilikuwa imebaki ya kuhesabu. Siku ya kwanza ya kusi mjomba akafungua zawadi yake mwenyewe. Ulipochemka na tui watu wakatoka vibandani, harufu ile mnaijua. Mzee mmoja akauliza umetoka wapi huu, nikasema Kyela, akauliza Kyela iko kisiwa gani.

Jumatatu yangu ilinikuta hapo. Simu ya rafiki yangu ilikuwa hai, na mtandao unapatikana sehemu moja tu, fungu la mchanga linalotokea maji yakipwa. Nikaenda huko na kikaptula, nikamwandikia msimamizi: "Niko kisiwani, upepo umegeuka, nitachelewa." Jibu likaja maji yameshaanza kunifika kwenye vifundo: "Upepo gani?"

Nikarudi nikamwonyesha mjomba. Akasoma, akanirudishia simu. "Huyu ana chombo?" Nikasema hana. Akarudi kwenye kushona tanga.

Nilimuudhi mjomba kila asubuhi na swali moja, leo tunaondoka? Siku ya tatu akanichukua tukazunguka kisiwa, dakika chache tu unakimaliza, akaniambia nitazame na nisiseme. Nikaona ambacho sikuwa nimekiona siku zote tatu: kusi haivumi usiku kucha. Inachoka usiku. Kati ya saa 7 na saa 8 usiku kulikuwa kunakuja hewa nyingine kabisa, laini, inatoka magharibi, inanuka matope na mikoko. Umande. Bara inapoa usiku, bahari inabaki na joto lake, hewa inateremka kutoka nchi kavu kwenda majini. Inadumu mpaka jua lipande, halafu inazima, halafu kusi inaamka na hasira zake.

Kwa hiyo hatukupiga bisha na kusi hata siku moja. Tulimwibia. Usiku wa tano, saa 8, tukatweka bila taa, umande uko ubavuni upande wa kulia, mashua inateleza kusini haina hata kelele, maji yanawaka vimulimuli vya kijani kwenye usukani. Kwenye saa 3 asubuhi umande ukafa, tukatia nanga nyuma ya fungu ambalo hata jina silijui, mwamba unatukinga. Tukashinda hapo tumelala juu ya nazi, jua linatuchoma, kusi inapita juu yetu inavuma bure. Usiku tena saa 8. Alfajiri ya pili nikaona taa kama mji: mitambo ya gesi ya Songosongo, gesi ambayo inakwenda Dar kwa bomba tangu 2004. Sisi tunaifikia kwa pamba ya tanga na harufu ya matope.

Songosongo siongezi mengi, nazi ziliuzwa, tulilala ndani ya nyumba, nilioga maji baridi (ya kweli). Kutoka pale hadi Kivinje hakufiki kilomita 30, tukafanya mtindo uleule. Tulifika maji yamepwa, na Kivinje maji yakipwa ufukwe unakuwa mbali kama shamba la mtu mwingine. Tukashuka tukatembea kwenye matope, viatu mkononi, sweta kichwani. Siku ya 11 tangu Jibondo.

#14 Kamwene

Na kurudi? Maana ule mwezi barabara ya Kilwa inajulikana.

#15 Mlima Loleza

Umenikumbusha. Nangurukuru wakatuambia njia ya Dar ina shida ya maji upande wa Somanga, magari yamepanga foleni. Rafiki yangu akabaki na mjomba. Mimi nikashika kusini: Lindi, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, Uyole. Kwa anayetoka Mbeya kwenda Kilwa, iangalie hii njia, ni lami, na huoni foleni ya Kitonga. Njombe tuliingia usiku, konda anasambaza chai, abiria wa pwani wanatetemeka. Nikavaa sweta zote mbili. Zilikuwa bado zina mchanga.

#16 Mama Viazi Njombe

Ulipita Njombe usiku hukusema? Haya. Na kazini?

#17 Mlima Loleza

Barua moja ya onyo, na siku nilizozidisha zikakatwa kwenye likizo ya mwaka huu. Kwenye maelezo niliandika "mabadiliko ya upepo". Mtu wa utumishi akaniita akaniuliza kama ni ugonjwa.

#18 Kijana wa Soweto

Gharama kiongozi. Tuambie nauli.

#19 Mlima Loleza

Nauli ya mashua sikulipa, nilifua maji na nilileta mchele. Ukienda kama mgeni asiyejulikana utapatana na nahodha mwenyewe, sitaki kutaja bei mtu akashikilia. Ila pesa zako ziweke kwenye vitu vitatu: jaketi okozi yako, mfuko wa simu usioingiza maji (nilinunua Mwanjelwa wiki moja baada ya kurudi, usicheke), na siku za ziada. Ukiwa na likizo ya siku 14, panga safari ya siku 5.

#20 Baharia Mstaafu

Safari ya siku 4. Na aende Januari au Februari, akitaka kwenda kusini. Akitaka kutoka Kilwa kwenda Mafia, angoje kusi ilegee, mwezi wa 9. Asiende kwa sababu tiketi za basi ni nafuu.

Mkono umeponaje?

#21 Mlima Loleza

Umepona, mzee wangu. Umebaki mstari, unaanzia chini ya kidole cha shahada unakatiza kiganja chote hadi kwenye kifundo. Watoto wa dada yangu wanauita Barabara ya Kilwa.

#22 Mtu wa Matema

Septemba mwera ukiisha njoo Matema uone mtumbwi. Kamba hatuna, ni kasia tu.

#23 Mlima Loleza

Nakuja. Mchele safari hii nitaukuta hukohuko.